Kuzuru Maziwa na Mapori ya Uha

Nchi ya Uha haina sifa kubwa katika vinywa vya wasafiri. Wageni waendao Kigoma aghalabu huishia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hutazama sokwe wa Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 akaanza kuandika mienendo yao, au husimama Ujiji mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, kisha hurudi makwao wakidhani wameiona nchi. Nyuma ya migongo yao, upande wa mashariki, ardhi hupanda hata ikafika vilele vya Kasulu penye baridi, migomba na kahawa. Halafu huanza kushuka taratibu sana, siku nzima ya safari, mpaka miti inapokoma na maji yakaanza. Huko ndiko yaliko maziwa na mapori ambayo mwalimu mmoja mstaafu wa Kasulu aliazimia kuyazuru kabla nuru ya macho yake haijamwacha.

Mwalimu huyo alisomesha jiografia karibu miaka arobaini katika shule za Kasulu na Kibondo. Alikuwa ameuchora mto Malagarasi ubaoni mara zisizo idadi, kwa chaki ya rangi ya samawati ilipopatikana, na kwa chaki nyeupe iliyo ya siku zote. Alijua unakotoka na unakokwenda. Lakini mabwawa yaliyo katikati ya mkondo wake, ambayo katika ramani huonyeshwa kwa vistari vifupi mithili ya nyasi, hakuwa ameyaona hata siku moja. Jambo hili si la ajabu kama linavyosikika. Walimu wengi wamezeeka wakifundisha mito wasiyopata kunawa maji yake, na mishahara yao haikupata kuwaruhusu vinginevyo. Mtoto wa jicho alipoanza kutanda katika jicho la kushoto, mzee alimwita mjukuu wake, kijana asomaye elimu ya wanyama katika chuo kikuu, akamwambia kwa ufupi kwamba wakati umefika.

Kijana alifurahi kwa sababu zake mwenyewe. Alitaka kumwona ndege yule mkubwa wa rangi ya majivu, mwenye mdomo mfano wa kiatu cha mti, ambaye wataalamu humwita Balaeniceps rex. Babu alikuwa na sababu nyingine, lakini hakuitaja siku ile.

Malagarasi ni mto wenye tabia ya pekee. Chimbuko lake li katika milima iliyo karibu na Ziwa Tanganyika, mpakani mwa Burundi. Mtu angedhani utashuka moja kwa moja ziwani. Badala yake huligeuzia ziwa mgongo, ukafanya mpaka wa nchi mbili kwa kitambo, ukapita kati ya Kasulu na Kibondo, ukaenda kujitawanya katika mabwawa makubwa ya mashariki, ambako hukutana na Moyowosi utokao kaskazini. Ndipo hukumbuka safari yake, ukazunguka kurudi magharibi, ukapita Uvinza penye chemchemi za chumvi, na mwisho ukaingia katika ziwa lile lile ulilolikimbia. Mwalimu alikuwa akiwaambia watoto kwamba mto huu ni mkubwa wa ziwa kwa umri, nao walicheka wakadhani ni kitendawili. Lakini ndivyo wasemavyo wataalamu. Kabla ardhi haijapasuka na bonde la Tanganyika kuzama, mito ya upande huu ilimiminika kwenda Kongo. Mpaka leo katika Malagarasi wamo samaki wa jamaa ya wale wa mto Kongo, ambao hawaonekani katika ziwa lililo kati yao. Ziwa liliingia katikati kama mgeni aketiye baina ya ndugu wawili, na ndugu hawajasahauliana.

Walitoka Kasulu asubuhi katika mwezi wa Agosti, nchi ikiwa kavu na vumbi jekundu limeyafunika majani ya migomba ya kando ya njia. Walipita Makere. Upande mmoja wa njia hiyo iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo, na baadaye ikapokea Warundi wengi. Mbele zaidi, karibu na Kibondo, ndipo kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015. Uha umekuwa ukipokea wakimbizi tangu mwaka 1972, na tena kwa wingi baada ya mauaji ya Rais Ndadaye wa Burundi mwaka 1993. Mwalimu alipata kuwafundisha baadhi ya watoto wao, na lugha haikumpa taabu, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni watoto wa mama mmoja. Kijana alitazama vilima vilivyonyolewa miti akahesabu kwa sauti ya chini aina za miti ambazo zingalistahili kuwapo pale: mninga, myombo, mtundu.

"Wameumaliza msitu, babu," alisema.

"Wamepika chakula," alijibu mzee. "Mtu aliyekimbia na sufuria kichwani hawezi kuipika sufuria yenyewe."

Neno hilo halikumaliza shauri, wala halikustahili kulimaliza. Msitu uliokatwa kwa haja ya kweli umekatwa vile vile, na chemchemi iliyokauka haiulizi sababu. Wanakijiji wa jirani wamelalamika juu ya kuni kwa miaka mingi, na malalamiko yao yana haki. Lakini mzee aliona kwamba kijana hujifunza kuhesabu miti kabla hajajifunza kuhesabu watu, na aliona vema kuugeuza mpango huo mapema.

Darajani walisimama. Malagarasi mahali pale si mpana. Mtu mwenye mkono mwema huweza kurusha jiwe ng'ambo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, nayo yalikwenda bila haraka. Mzee alishuka mpaka ukingoni, akavua viatu, akasimama ndani ya maji hata vifundoni. Hakusema kitu, na kijana alikuwa na adabu ya kutosha asimwulize.

Walilala Kibondo, na siku ya pili, kwa kibali walichokiomba mbele kwa barua, waliingia katika Pori la Akiba la Moyowosi pamoja na askari wa wanyamapori. Hapa yafaa kuueleza wasaa wa nchi. Mwaka 2000 Tanzania ilijiunga na mapatano ya kimataifa ya kuhifadhi ardhi zenye majimaji, yaliyofanywa katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Na eneo la kwanza ambalo Tanzania iliandikisha lilikuwa hili la Malagarasi na Muyovozi, lenye hekta 3,250,000. Hesabu kama hiyo haiingii akilini kwa urahisi. Kijana alisema ni zaidi ya kilomita 32,000 za eneo, karibu na nchi kavu yote ya Uholanzi bila maji yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesoma habari hizo, alimweleza babu yake jinsi Waholanzi walivyoanza mambo ya hifadhi. Karibu na Amsterdam liko ziwa dogo liitwalo Naardermeer, ambalo wakubwa wa mji huo walitaka kulifukia kwa takataka. Watu wenye mapenzi na ndege wakaunda chama, na mwaka 1906 wakalinunua kwa fedha. Siku hizi watu huenda huko siku za mapumziko kwa baiskeli, wakaketi juu ya mabenchi wakitazama ndege kwa darubini.

Mzee alisikiliza kwa makini. "Walilinunua kwa nani?" aliuliza.

Kijana hakuwa na jawabu.

Pori lilianza kwa miombo mikavu, majani machache na kivuli chembamba. Kisha wakaja mbung'o. Mtu asiyewajua mbung'o wa Moyowosi hajui subira yake ina kipimo gani. Waliifuata motokari kama wadai, wakaingia kwa kila upenyo, wakauma juu ya nguo. Na askari, aliyekuwa amewazoea, alisema kwa utulivu kwamba hao ndio walinzi wa kwanza wa pori, kwani ng'ombe akiingia hufa kwa nagana na mchungaji hupata hasara. Ulinzi huo lakini si wa kutegemewa siku zote: makundi makubwa ya ng'ombe yamekuwa yakiingia wakati wa kiangazi kutafuta malisho na maji, dawa za mifugo zikisaidia, na kuwatoa kumeleta ugomvi usiokwisha.

Ndipo mzee alipoanza kusema. Baba yake alikuwa mtoto wa miaka saba hivi mwaka 1933, wakati serikali ya Mwingereza ilipoanza kuwahamisha Waha kwa sababu ya malale. Watu wa nyika hizi walikuwa wakikaa kwa kutawanyika, boma hapa na boma pale, kila ukoo na mashamba yake, na ardhi yenyewe ikiangaliwa na wateko, wazee wenye kujua mila zake, ambao kazi yao ilikuwapo hata kabla ya enzi ya mabwana wakubwa. Shauri la waganga wa serikali lilikuwa hili: mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, watu wachache hawawezi kufyeka vichaka vya kutosha, basi wakusanywe wengi mahali pamoja, wafyeke, walime, na inzi akose pa kukaa. Kwa kipimo cha tiba shauri hilo halikuwa la kipumbavu. Malale ni ugonjwa wa kutisha, na wengi waliokuwa wafe hawakufa. Lakini amri ilikuja na muda wa kuhama, na nyumba zilizoachwa zilichomwa moto ili mtu asirudi. Baba wa mwalimu alikumbuka mambo matatu tu: moshi, mbuzi aliyekataa kutembea, na bibi yake aliyerudi nyuma mara mbili kutazama jiwe la kusagia, kwa kuwa lilikuwa zito mno kuchukulika.

Yaliyofuata yameelezwa na watu wa elimu. John Ford, mtaalamu aliyewachunguza mbung'o wa Afrika kwa miaka mingi, alitoa kitabu mwaka 1971 akionyesha kwamba mahali watu walipoondolewa, kichaka kilirudi, wanyama wakarudi pamoja na kichaka, na inzi akarudi pamoja na wanyama. Yaani dawa ya malale katika makazi mapya ilikuwa mbegu ya pori katika makazi ya zamani. Mzee alipewa ufupisho wa kitabu hicho na mjukuu wake, akatikisa kichwa, akasema kwamba bibi wa baba yake angaliweza kuyasema hayo bila kusafiri.

Waha walihamishwa tena. Kuanzia mwaka 1972 serikali huru iliwakusanya katika vijiji vya ujamaa kandokando ya barabara, kwa nia ya kuwapa shule, zahanati na maji, na mengine yalipatikana. Kati ya kuhama kwa kwanza na kwa pili wanaume wengi walikuwa wamehama wenyewe, kwa garimoshi, kwenda kukata mkonge huko Tanga. Baba wa mwalimu alikuwa miongoni mwao. Ukoo mmoja, katika umri wa mtu mmoja, ulikuwa umeitwa nyikani, makaziini, mashambani na kijijini, na kila mahali uliambiwa kwamba hapo ndipo pake.

Askari alikuwa kijana wa mbali, mtu wa Singida, mwenye moyo mwema. Aliposikia alama alizozitaja mzee, yaani mwinuko wenye mawe, kijito kinachokauka kiangazi, na mti mkubwa wa jamaa ya mkuyu ambao Waha hupanda penye boma, alisema ameuona mti kama huo akiwa katika doria, na siku zote alistaajabu jinsi ulivyoota peke yake katikati ya miombo. Waliacha motokari wakatembea kadiri ya saa nzima. Mti ulikuwapo. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi kuliko ya jirani, kama iwavyo mahali palipolazwa mifugo, na katika majani makavu kulikuwa na vigae vya vyungu, vyenye mapambo ya mistari mlalo karibu na mdomo. Hatua chache kutoka hapo lilikuwapo jiwe bapa, limebonyea katikati kwa kusagiwa nafaka.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba lilikuwa jiwe lile. Nyika zote za upande huu zilikuwa na maboma, na kila boma lilikuwa na jiwe. Mwalimu mwenyewe, ambaye maisha yake yote alidai ushahidi kwa wanafunzi wake, alilisema hilo kabla ya wengine. Hata hivyo alipiga magoti, akapitisha kiganja katika lile bonde la jiwe, akaondoa majani na mchanga mpaka likawa safi.

"Kwa hiyo hapa palikuwa na watu," askari alisema, kana kwamba anajisemea. Halafu akaongeza kwa heshima, "Shikamoo, mzee," ingawa walikuwa wamekwisha amkiana asubuhi.

"Marahaba," mzee alijibu.

Mjukuu alikuwa na haya usoni. Kwa muda wa miaka mitatu chuoni alikuwa ameandika katika karatasi zake kwamba nyika hizi ni za asili, hazikuguswa na mkono wa binadamu. "Basi, babu, ingefaa turudishiwe?" aliuliza.

Swali hili ndilo zito, na watu wengi hulijibu upesi mno kwa upande mmoja au mwingine. Wapo wasemao kwamba ardhi ya mababu ni ya wajukuu, na kwamba ni dhuluma mgeni tajiri kutoka ng'ambo alipe leseni akapige nyati mahali ambapo mjukuu wa mwenye boma haruhusiwi kuokota ukuni. Wapo wasemao kwamba mabwawa haya ni hazina ya maji: wakati wa masika huyapokea mafuriko kama sifongo, wakati wa kiangazi huyaachia kidogo kidogo, na kwamba yakilimwa na kukanyagwa mto utapungukiwa hata Uvinza na watu wa chini watajuta. Pande zote mbili husema kweli. Mzee alikaa juu ya mzizi kwa kitambo.

"Mimi sitaki kulima hapa," alisema mwisho. "Nani atalima, mimi mwenye jicho moja? Na wewe hujui jembe. Wakilima watu wote wenye haki ya kulima, maji yatakwisha. Nataka tu isiandikwe kwamba hapakuwa na mtu. Wenye pori walinde pori lao, lakini waseme limekuwaje pori."

Askari alitoa kijitabu chake cha doria akaandika mahali pale palivyo, kwa kipimo cha chombo chake. Kama maandishi hayo yalikwenda mbele zaidi ya kijitabu, hilo ni jambo jingine.

Kwa Ziwa Nyamagoma walikwenda kwa upande wa kusini, wakiifuata reli ya kati mpaka kituo cha Malagarasi, kisha kwa mtumbwi. Ni ziwa la maji ya kina kifupi, ambalo mipaka yake hubadilika kwa majira. Mgeni hawezi kusema kwa yakini ziwa liishapo na bwawa lianzapo. Mafunjo husimama pande zote, marefu kupita mtu, na visiwa vya majani huelea na kuhama kwa upepo, hata njia aliyoipita mvuvi jana inaweza kuwa imefungwa leo. Katikati ya mafunjo hukaa nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka, ambaye hutembea juu ya majani yaeleayo na akitishwa huzama akaacha pua tu. Viboko walisikika kabla hawajaonekana. Furukombe aliita juu ya mti mkavu, akaitikiwa na mwenzake kutoka ng'ambo.

Mvuvi aliyewachukua alikuwa na makasia mawili na maneno machache. Alisema kambare wamepungua, nyavu zimekuwa za macho madogo, na wavuvi wamekuwa wengi. Alipoulizwa na kijana kama yeye mwenyewe hutumia nyavu za macho madogo, alicheka akatazama majini.

Ndege walimkuta siku ya pili, asubuhi mapema, ukungu ukiwa haujainuka. Alisimama katika uwazi mdogo kati ya mafunjo, kimo cha mtoto wa shule ya msingi, hatikisiki. Kazi yake ni kungoja. Kamongo au kambare hupanda juu kuvuta pumzi, na ndege humwangukia kwa uzito wote wa mwili wake, mdomo ukiwa wazi, akamwinua pamoja na fungu zima la majani. Kijana alishika darubini kwa mikono iliyotetemeka. Kwa muda wa robo saa hapakutokea chochote. Mzee, ambaye kwa jicho lake jema aliona tu umbo la kijivu katika weupe, aliuliza kwa mnong'ono kama kweli ni ndege au ni kisiki. Mara kisiki kilianguka. Maji yaliruka, mabawa yakafunguka mapana kuliko mtumbwi ulivyo mpana, na mdomo ukainuka ukiwa na kitu kirefu kinachojisokota.

"Ah!" alisema mzee kwa sauti kubwa, akasahau kunong'ona; na ndege aliwatazama wote watatu kwa jicho moja la manjano, akameza.

Jioni waliketi kituoni wakingoja garimoshi la Kigoma, lililokuwa limechelewa. Mama mmoja aliuza samaki wa kukaangwa na ugali wa muhogo, na taa yake ya kandili ilitosha kusomea. Kijana alikuwa akiyanakili majina ya ndege waliowaona, kwa Kiswahili, kwa Kilatini, na kwa Kiha pale ambapo babu alilijua jina. Alipomaliza alifungua ukurasa mwingine, akauliza majina ya watu wa boma. Mzee alianza na bibi wa baba yake, akaeleza ameolewa kutoka wapi. Akaja kwa waume wawili wa shangazi, na kwa mtoto aliyekufa njiani wakati wa kuhama. Pengine alirudi nyuma akamsahihisha mwandishi, kwa kuwa jina moja lilikuwa la watu wawili. Walikuwa wamefika kizazi cha nne wakati taa ya garimoshi ilipoonekana, nao wakakusanya mizigo.